Ndani kuna bunduki na ndugu yako anaumwa akili: mwongozo kamili wa sheria za Marekani, kuanzia kaunta ya duka mpaka mbele ya hakimu

Nafanya ukalimani wa Kiswahili mahakamani na hospitali hapa Marekani, na kuna swali moja nimelitafsiri mara nyingi mno. Linaulizwa na mzazi aliyekaa kwenye benchi la korido ameshika mfuko wa plastiki umejaa makaratasi ya hospitali, chupa za dawa, barua za shule. Anauliza, "lakini si walimkagua dukani? si kompyuta yao ilikuwa inajua kwamba huyu mtoto alilazwa?" Mama mmoja alinishika mkono kabisa wakati anauliza, hakuniachia mpaka tumeitwa ndani. Kijana wake alikuwa amelazwa wiki 2 kwa ugonjwa wa akili, alikubali mwenyewe kulazwa, akatoka akiwa anaendelea vizuri, akaacha dawa, baada ya miezi michache akaingia dukani akajaza fomu akatoka na bastola na pale kaunta hakuna sheria hata moja iliyovunjwa. Mama alikuwa amelala usingizi miezi yote ile akijua serikali inamlindia mlango.

Ndo maana naandika hii ndefu. Mimi sio wakili, na sheria za silaha zinabadilika ukivuka tu mpaka wa jimbo, kwa hiyo kabla hujachukua hatua ya kisheria ongea na wakili au ofisi ya msaada wa kisheria ya kaunti yako. Ila mambo ya msingi unaweza kuyajua leo, na mengine yanafanyika leo leo bila wakili.

HATUA YA 1: Elewa kompyuta inasoma nini

Mtu akinunua silaha kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu anaonyesha kitambulisho, anajaza fomu inaitwa 4473, halafu muuzaji anapeleka jina lake kwenye mfumo wa ukaguzi unaoitwa NICS. Mfumo huo ni wa FBI, wafanyakazi wake wako Clarksburg, West Virginia, na ulianza kazi tarehe 30 Novemba 1998. Ulitokana na sheria ya Brady ya 1993, iliyopewa jina la James Brady, msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi ya kichwa tarehe 30 Machi 1981 pamoja na bosi wake, na aliyewapiga mahakama ilimkuta hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Kwenye baadhi ya majimbo anayekagua ni polisi wa jimbo badala ya FBI moja kwa moja, lakini kanuni za msingi ni zilezile. Majibu yanayorudi ni matatu tu: endelea, subiri, au kataa. Mara nyingi yanarudi ndani ya dakika chache.

Sasa hapa ndo watu wanakosea. NICS haifungui faili la hospitali, haijui unakunywa dawa gani, haijui dokta alisema nini, haijui kwamba juzi usiku alikuwa anaongea na ukuta. Inachofanya ni kulinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa na orodha za watu waliozuiwa. Na jina la mtu mwenye ugonjwa wa akili linaingia kwenye orodha kwa njia moja: kuna mahakama au bodi yenye mamlaka iliyoamua jambo, na kuna mtu ofisini akalituma hilo jina. Kinachotumwa ni utambulisho wake na kwamba amezuiwa, ugonjwa wenyewe hautajwi.

Hiyo ya "kuna mtu akatuma" ndo iliyoua watu wengi. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali kuu haiwezi kuwaamrisha maofisa wa majimbo wafanye kazi yake, kwa hiyo jimbo kutuma rekodi zake za wagonjwa wa akili ikabaki ni hiari, mpaka jimbo lenyewe litunge sheria ya kujilazimisha. Majimbo mengine yalikaa miaka na miaka bila kutuma kitu cha maana. Pennsylvania ilianza kutuma kwa wingi 2013 tu, na ilipoanza zikamiminika rekodi mamia ya maelfu kwa mpigo, yaani hao wote miaka ya nyuma wangeweza kwenda kununua jimbo lingine na kompyuta ikasema endelea.

HATUA YA 2: Jua nani hasa anazuiwa kwa sababu ya akili

Sheria kuu ni ya 1968, na lugha yake ni ya zamani, inamwita mtu maneno ambayo leo huwezi kumwambia ndugu yako. Inazuia watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule ambaye mahakama, bodi au chombo chenye mamlaka kimeamua kwamba kwa sababu ya ugonjwa wa akili ni hatari kwa nafsi yake au kwa wengine, au hawezi kuendesha mambo yake mwenyewe. Humo anaingia pia aliyekutwa hana hatia kwa sababu ya akili na yule aliyeonekana hawezi kusimama kwenye kesi. Wa pili ni aliyelazwa kwa lazima kwa uamuzi rasmi.

Soma tena hayo maneno, kwa lazima, kwa uamuzi rasmi. Aliyelazwa kwa hiari yake hazuiwi na sheria ya serikali kuu. Aliyeshikwa hospitali siku 2 au 3 kwa uchunguzi tu naye peke yake hiyo haimzuii. Anayeenda kliniki, anayekunywa dawa za sonona, mwenye dokta wa akili miaka 10, wote hao hawazuiwi. Nalisema kwa nguvu kwa sababu nimekutana na wanaume wetu wanaokataa kabisa matibabu, wengine kazi yao ni ulinzi, kwa kuogopa kwamba wakitamka tu "nina mawazo mabaya" watanyang'anywa haki ya silaha na kazi. Kwa sheria ya serikali kuu, kwenda mwenyewe kutafuta tiba hakukunyang'anyi.

Ila jimbo lako linaweza kuwa kali zaidi. California mtu akishikwa kwa ile dharura ya saa 72 akapokelewa hospitali kama hatari kwa nafsi yake au wengine, haruhusiwi kumiliki silaha miaka 5, na ikitokea mara ya pili ndani ya mwaka mmoja ni maisha. Illinois wao kuna kadi maalum ya kumiliki silaha, inaitwa FOID, na hata aliyelazwa kwa hiari ndani ya miaka 5 iliyopita anaweza kuipoteza. Kwa hiyo uliza jimbo lako.

Chukua mfano wa Virginia Tech, tarehe 16 Aprili 2007, watu 32 waliuawa. Aliyewaua alikuwa amefikishwa mbele ya hakimu Desemba 2005, hakimu akaona ni hatari kwa nafsi yake, akaamuru atibiwe, lakini atibiwe akitokea nyumbani. Kwa sheria ya serikali kuu alikuwa amezuiwa tayari. Jimbo la Virginia lilikuwa linatuma majina ya waliolazwa, huyu hakulazwa, jina halikutumwa, akanunua bastola mbili na ukaguzi ukapita mara zote mbili. Karatasi moja imebaki kwenye kabati la mahakama. Baada ya hapo Bunge likapitisha sheria, Rais Bush akaisaini Januari 2008, ya kuyapa majimbo hela ili yatume rekodi.

Na mfano mwingine ambao mimi unaniumiza zaidi kwa sababu familia ilikuwa imesema. Lewiston, Maine, tarehe 25 Oktoba 2023, watu 18 waliuawa. Aliyewaua alikuwa askari wa akiba, na familia yake ilimwambia polisi tangu Mei kwamba anasikia sauti na ana silaha. Julai akalazwa New York wiki 2. Agosti akaenda dukani kuchukua kifaa cha kuzima mlio wa bunduki, kwenye fomu kuna swali kama umewahi kulazwa kwa lazima kwa ugonjwa wa akili, akajibu mwenyewe ndiyo, duka likakataa kumpa. Wenye duka walifanya vizuri kabisa. Lakini bunduki zake zilikuwa nyumbani zimeshanunuliwa tayari kabla hajalazwa, na ile fomu haina mkono wa kufika kabatini kwa mtu.

HATUA YA 3: Ijue mianya, usiitegemee kinga ambayo haipo

Siku 3. Kompyuta ikijibu "subiri", FBI wana siku 3 za kazi za kutafuta. Zikipita bila jibu, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji auze. Ndivyo aliyeua watu 9 kanisani Charleston, South Carolina, Juni 2015 alivyopata bastola yake, rekodi ya kukamatwa kwake na dawa za kulevya ilikuwepo ila mchunguzi aliulizia kwenye ofisi ambayo siyo, siku zikaisha. Kuna majimbo yameongeza muda. Na tangu sheria ya Juni 2022, ile iliyokuja baada ya watoto 19 na walimu 2 kuuawa Uvalde, mnunuzi wa chini ya miaka 21 anatafutiwa pia rekodi za utotoni pamoja na za akili, na muda unaweza kufika siku 10 za kazi.

Mtu kwa mtu. Anayeuza bunduki yake binafsi, hana biashara hiyo, sheria ya serikali kuu haimlazimishi kukagua. California, Colorado, New York, Washington na mengine kadhaa yanalazimisha ukaguzi, majimbo mengi hayalazimishi. Kwa hiyo ndugu aliyekataliwa dukani asubuhi anaweza kununua kwa mtu jioni, akivunja sheria ndiyo, lakini bunduki anayo.

Ofisi iliyosahau. Sutherland Springs, Texas, Novemba 2017, watu 26 wanahesabiwa waliouawa kanisani. Jeshi la Anga lilikuwa limemhukumu muuaji kwa kumpiga mke na mtoto, kosa linalomzuia mtu kumiliki silaha, na hawakumtaarifu FBI. Baadaye hakimu alisema serikali yenyewe inabeba asilimia 60 ya lawama.

Halafu utekelezaji. Kudanganya kwenye fomu ya 4473 ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka 10. Lakini wakaguzi wa Bunge walipoangalia mwaka wa fedha 2017 walikuta waliokataliwa na mfumo wa FBI ni kama 112,000, na waliofikishwa kwenye mashtaka ya serikali kuu kwa udanganyifu huo walikuwa 12. Kumi na wawili. Wengine wengi waliambiwa hapana wakarudi nyumbani na hakuna aliyewafuata. Tangu Oktoba 2022 FBI wanatakiwa kuwataarifu polisi wa eneo ndani ya saa 24 mtu akikataliwa, hiyo ni hatua, lakini polisi kupata taarifa na polisi kugonga mlango ni vitu viwili.

HATUA YA 4: Ogopa kinachotakiwa kuogopwa

Kabla hujaanza kumwangalia ndugu yako kama muuaji, tulia. Watu wengi sana wenye ugonjwa wa akili hawamdhuru mtu, na watafiti wa Marekani walikadiria kwamba ugonjwa mkubwa wa akili ukiutoa wote kabisa, ukatili nchini ungepungua kama asilimia 4 tu. Anayeumwa ana uwezekano mkubwa wa kujidhuru mwenyewe. Mwaka 2022 watu kama 48,000 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya 27,000 kati yao walijipiga wenyewe. Anayejaribu kujiua kwa vidonge mara nyingi anawahiwa, anayetumia bunduki karibu 9 kati ya 10 wanakufa. Na wimbi lenyewe la kutaka kufa mara nyingi ni fupi, dakika, saa, na wengi waliopona jaribio moja hawafi kwa kujiua baadaye. Kwa hiyo kazi yako ni kuweka umbali kati yake na silaha mpaka wimbi lipite. Ukielewa hivyo hata namna utakavyoongea naye itabadilika.

HATUA YA 5: Mambo ya kufanya leo ndani ya nyumba

Muulize. Sisi tunaogopa kuuliza "unafikiria kujiua?" tunadhani tutamtia wazo kichwani. Hapana, kuuliza hakumpandikizii mtu kifo, mara nyingi kunampa nafuu kwamba kuna anayeona. Muulize akiwa ametulia, mmekaa wawili, sio mbele ya shemeji na watoto. Halafu umwambie hivi: "Kaka, sikunyang'anyi kitu chako, nakuomba tukiweke pembeni mpaka upone, siku ukiwa sawa tutakaa tuongee." Nimesikia baba mmoja akisema maneno karibu kama hayo, kijana akanyamaza muda, kisha akatoa funguo mfukoni akaziweka juu ya meza.

Kama silaha ni yako wewe na mgonjwa anaishi kwako, usingoje mjadala. Toa risasi, zihifadhi sehemu nyingine kabisa. Tia kufuli la waya, ule waya unapita kwenye chumba cha risasi na kutokea chini panapoingia magazini ili bunduki isiweze kufungika wala kufyatuka. Vituo vingi vya polisi vinatoa hayo makufuli bure kupitia mpango unaoitwa Project ChildSafe, na wanajeshi wastaafu wanapewa bure na idara yao ya VA. Kama una sefu badilisha namba, namba ya tarehe ya kuzaliwa mtoto wote humo ndani wanaijua. Na ufunguo usikae kwenye nyumba hiyohiyo.

Bora zaidi itoke nje ya nyumba. Ndugu mwingine, duka la silaha, baadhi ya ofisi za sherifu zinapokea kwa muda. Piga simu kwanza uulize masharti, kwa sababu anayeipokea naye asiwe mtu aliyezuiwa, na kwenye majimbo yanayokagua mtu kwa mtu kuna utaratibu wa kukabidhiana, mengi yanaruhusu kukabidhi kwa muda kama ni kuzuia mtu kujiua lakini kila jimbo lina mipaka yake. Angalia pia hali ya uhamiaji ya anayepokea, hili wengi wetu hatulijui: asiye na karatasi haruhusiwi kushika silaha kabisa, na mwenye viza ya muda kwa kawaida naye haruhusiwi isipokuwa vighairi vichache. Mwenye green card anaruhusiwa. Binamu yako aliyekuja kusoma usimwachie bunduki uvunguni ukidhani umesaidia.

Na kama hujawahi kushika bunduki usijaribu kutoa risasi kwa kuangalia video. Wapigie polisi namba isiyo ya dharura, sema taratibu unahitaji msaada kuihifadhi.

HATUA YA 6: Usiku hali ikiharibika

Namba ya msaada kwa mtu anayetaka kujiua au aliyezidiwa kiakili ni 988, ilianza Julai 2022, unapiga bure saa 24, wewe ndugu pia unaweza kupiga, sio lazima mgonjwa. Wana wakalimani wa simu wa lugha nyingi, ukisikia Kiingereza kinakuchanganya sema tu "Swahili" usubiri.

Kama ameshika silaha au kuna hatari sasa hivi, piga 911. Hapa naomba msome polepole. Sentensi ya kwanza iseme kwamba ni ugonjwa wa akili, na uombe askari aliyefundishwa mambo hayo, sema herufi CIT. Kisha: silaha ipo wapi, ina risasi au haina, yeye yuko chumba gani, anaelewa lugha gani, kuna watoto ndani au hamna. Polisi wakifika toka nje mikono mitupu ionekane, usiwakimbilie ukipiga kelele, simu weka mfukoni. Nimekaa na familia ambayo mama alitoka mbio na mwiko mkononi kwa sababu alikuwa anapika, bahati nzuri askari alikuwa mtulivu.

Hospitali wanaweza kumshika kwa tathmini, majimbo mengi ni mpaka saa 72. Mpeni dokta habari zote kuhusu silaha. Dokta anaweza akakataa kukwambia wewe hali ya mgonjwa kwa sababu ya sheria ya faragha, lakini hakuna sheria inayomkataza kukusikiliza. Andika kwenye karatasi: tarehe, alichosema, silaha gani, iko wapi. Mpe nesi mkononi aweke kwenye faili.

HATUA YA 7: Amri ya mahakama ya kuondoa silaha

Hii ndo sheria ya bendera nyekundu, ukifika mahakamani waambie "red flag" watakuelewa, jina rasmi kila jimbo lina lake. Connecticut walianza 1999, Indiana 2005 baada ya askari polisi kuuawa na mtu mgonjwa aliyekuwa ameshachukuliwa silaha kisha akarudishiwa, Florida 2018 baada ya wanafunzi na wafanyakazi 17 kuuawa shule ya Parkland. Sasa ni majimbo zaidi ya 20 pamoja na Washington D.C. Texas, Ohio, Kentucky na Tennessee, ambako watu wetu ni wengi, hawana, na Texas mwaka 2025 ilitunga sheria ya kuzikataa kabisa.

Anza kwa kuuliza nani anaruhusiwa kuomba. Colorado, Minnesota, New York, California, Michigan, mwanafamilia anaweza kwenda mwenyewe. Florida na Indiana ni polisi, kwa hiyo kazi yako ni kwenda kwa polisi na ushahidi wako umeupanga vizuri.

Nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti, omba fomu na omba mkalimani hapohapo, mahakama zinatakiwa zikupe bila malipo, usimbebe mtoto wa miaka 12 akutafsirie habari za kaka yake. Kwenye hati ya kiapo usiandike "ana kichaa", hakimu hapimi ugonjwa, anapima hatari. Andika alichofanya na alichosema, siku gani, nani alisikia. Tofauti ni kama hii. Dada mmoja alikuja ameandika "mume wangu haeleweki siku hizi anatisha". Tukakaa, akaulizwa taratibu, kumbe Jumanne usiku alikaa kwenye gari gereji bastola iko mapajani akamtumia meseji "watoto waambie nawapenda". Hiyo meseji ilikuwa bado ipo kwenye simu, na yeye hakuitaja kwa sababu alikuwa anaona aibu. Ndiyo ilikuwa ushahidi wote. Piga picha meseji, weka namba na saa ionekane. Orodhesha silaha zote unazozijua na zilipo.

Hakimu anaweza kutoa amri ya muda bila mwenzako kuwepo, mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake. Polisi wanaenda kuzichukua, na jina linaingizwa kwenye mfumo asiweze kununua nyingine. Kisha kuna kikao kamili, sehemu nyingi ndani ya wiki 2 hivi, hapo na yeye anasikilizwa, anaweza kuja na wakili. Amri kamili kwa kawaida ni mpaka mwaka 1, California inaweza kufika miaka 5. Hii sio kesi ya jinai, hapati rekodi ya uhalifu kwa amri yenyewe, akikaidi amri hapo ndo anafanya kosa. Na usiombe kwa ugomvi wa hela au talaka, kusema uongo kwenye kiapo ni kosa, na unawaharibia wenzako ambao kesho watakuja na shida ya kweli.

Usiku kabla polisi hawajaenda, usibaki peke yako naye. Hilo nasisitiza.

Kama jimbo lako halina sheria hii angalia njia zingine: amri ya ulinzi kama kuna kupigwa ndani ya nyumba, ambayo Mahakama Kuu mwaka 2024 kwa kura 8 kwa 1 ilithibitisha kwamba inaweza kumwondolea mtu silaha, au ombi la kulazwa kwa lazima. Hili la mwisho lipime, maana likipita linamzuia kisheria pengine maisha mpaka jimbo limrudishie haki. Na kuna kitu kizuri sana kisichojulikana: Washington, Virginia na Utah mtu mwenyewe akiwa mzima anaweza kujiandikisha kwenye orodha ya wasiouziwa silaha, na baadaye akaomba atolewe. Mgonjwa anayejua mawimbi yake yanakuja vipi anaweza kujifungia mlango mwenyewe mapema.

HATUA YA 8: Usimnunulie, usimsainie

"Kaka nimekataliwa sijui kwanini, niandikie wewe." Usifanye. Kununua silaha kwa niaba ya mwingine unayejua amezuiwa ni kosa la serikali kuu, sheria ya 2022 imeweka mpaka miaka 15. Kwa asiye raia ongeza na uhamiaji juu yake. Illinois baba alimsainia kijana wake apate kadi ya FOID wakati kijana alishawahi kujaribu kujiua, kijana akaua watu 7 kwenye gwaride la tarehe 4 Julai 2022 Highland Park, baba akakiri kosa akafungwa siku 60. Michigan wazazi wote wawili wa kijana aliyeua wenzake shuleni walifungwa miaka 10 mpaka 15 mwaka 2024, mtoto wao aliomba msaada, wao wakamnunulia bastola, na asubuhi ya siku ya mauaji shule iliwaita ikawaonyesha mchoro wake wakakataa kumrudisha nyumbani.

HATUA YA 9: Akikataliwa kimakosa, au akipona

Inatokea, hasa kwetu tunaofanana majina na tarehe zetu za kuzaliwa za Januari mosi zilizoandikwa kambini. Muombe muuzaji namba ya muamala, inaitwa NTN, au kama aliyekagua ni jimbo, STN. Mwandikie FBI au jimbo kuomba sababu, wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 5 za kazi, kisha unapinga, mara nyingi na alama za vidole. Ukishinda unaweza kuomba jina lako liwekwe kwenye faili la hiari la rufaa upewe namba yako ya pekee, usisumbuliwe kila mara.

Aliyelazwa kwa lazima zamani na sasa yuko sawa, majimbo mengi yana utaratibu wa kumrudishia haki. Anapeleka barua za dokta, mashahidi wa tabia, hakimu au bodi inaamua. Mtu aliyepona ana haki ya kusikilizwa na naomba familia zisimkatalie kumsindikiza.

HATUA YA 10: Amri ikiisha

Siku hakimu anasaini amri, kabla hujatoka mlangoni uliza inaisha tarehe gani, na iandike kwenye simu na kwenye kalenda ya ukutani, weka na kengele ya siku 60 kabla. Majimbo mengi yanaruhusu kuomba iongezwe lakini lazima uombe kabla haijaisha, na nimeona familia imekuja wiki moja baada ya muda kupita, polisi wamesharudisha bunduki. Hizo siku 60 ndo za kukaa naye: anaenda kliniki? amelala? anakunywa dawa? ile sauti bado inakuja? Kama yuko vizuri, muulizeni kama angependa ikirudi ikae kwa mjomba badala ya nyumbani. Kama hayuko vizuri, rudi kwa karani na daftari lako la tarehe, chukua fomu ya kuongeza muda, ujaze ya mwaka huu, alichosema mwezi huu, nani alisikia.